Bati la Saba

Uwanja wetu unakalisha watu elfu nane.
Chuo kina wanafunzi mia nne na kumi.
Hesabu hiyo ni ya watu wa karanga:
walimwaga zege hapa Nachingwea wakisubiri magunia,
karanga zikagoma, reli ikang'olewa,
zege likabaki limekodoa macho juani.
Tukaweka magoli. Jumamosi mji mzima huja kuketi.

Kipande kimoja cha reli kinaning'inia langoni.
Kikigongwa mara tatu, mwaka wa kwanza huvua viatu,
hupanda jukwaa la mashariki, linalounguza,
na hawakai mpaka mgeni apewe korosho.
Mgeni hula kwanza, hata yule tunayetaka kumla.
Nani aliweka sheria? Usiniulize.
Mimi ni mtunza stoo. Nina funguo, sina historia.
Ninachojua, mwaka chokaa ilipokwisha
tulichora mistari kwa unga wa muhogo,
na kuku wa mtaa wa pili wakala eneo lote la hatari
kabla ya mapumziko. Refa akakadiria.

Kazi yangu ya Jumamosi ni mabati ya magoli.
Sifuri mpaka tisa, kila upande seti yake,
rangi nyeusi, ndoano mbili,
na ngazi ya mbao inayojua uzito wangu.
Seti ya wageni imetimia.
Yetu haina saba.

Mvua ya mwaka ule, ile iliyobeba daraja,
Mchopa mpishi alinijia na sufuria ya maharage inaelea:
"Somoe, paa la jiko limeniacha."
Nilimpa nilichokishika. Nikamwambia, kesho urudishe.
Kesho hiyo ina miaka ishirini na mitatu.

Na desturi ni kama magugu, haipandwi.
Timu yetu ikifika sita, jukwaa hunyamaza,
mpira hurudi kwa kipa,
kipa kwa beki, beki kwa kipa,
wageni wakidhani wanahurumiwa, wanatokwa machozi ya hasira.
Kijitabu cha kuwakaribisha wapya kinasema ni adabu:
chuo hiki hakimdhalilishi mtu.
Nilikisoma stoo, nikacheka peke yangu.

Jumamosi iliyopita, sita bila, dhidi ya wauguzi,
akaingizwa Livinus Hokororo, kijana wa Newala,
wiki ya pili chuoni, nyayo zingali na malengelenge ya zege.
Hakuna aliyemwambia.
Akampokonya mpira beki wake mwenyewe,
akageuka, akala uwanja mzima,
akapiga.

Kimya.
Aliinua mikono, kisha akaishusha polepole
kama mtu aliyempungia asiyemjua.
Halafu macho yote yakapanda ngazini kwangu.
Sita nimeshaitoa. Ndoano tupu.
Nikawaza kutundika sita na moja;
ingesomeka sitini na moja.

Ndipo tukasikia, upande wa jiko, misumari ikilia.
Mchopa akatokea na bati kichwani,
jeusi kwa masizi, aproni kiunoni,
akakatiza katikati ya uwanja bila kumtazama refa.
Akapiga magoti, akalisugua kwa mchanga.
Saba ikatoka taratibu: kwanza kofia,
kisha ule mguu wake mmoja.
Nikaitundika.
Walioanza kupiga makofi ni wauguzi.

Leo Jumanne mvua imefungua.
Livinus yuko juu ya paa la jiko, ameng'ang'ania turubai,
Mchopa yuko chini, anamwelekeza kwa mwiko.
Wanabishana. Maharage yameanza kuelea.

Stoo kuna mabati mapya kumi na mawili.
Yapo tangu mwaka uliofuata mvua ile,
na kopo la rangi lipo, na brashi.
Hakuna aliyewahi kuniuliza.
Nami, nikiwa juu ya ngazi, watu elfu nane chini yangu,
nilikuwa nakipenda kile kimya.